Kiasi bila asili: Wamarekani 1,191 na linki za uongo za mwaka 2016

Tarehe 16 Novemba 2016, siku nane baada ya Wamarekani kupiga kura na Donald Trump kuibuka mshindi, BuzzFeed News, tovuti ya habari ya Marekani, ilitoa hesabu iliyozunguka dunia. Mwandishi wake Craig Silverman alichukua habari 20 za uongo kuhusu uchaguzi zilizovuma kuliko zote kwenye Facebook katika miezi mitatu ya mwisho ya kampeni, ikiwemo ile iliyodai kwamba Papa Francis amemuunga mkono Trump. Akajumlisha ni mara ngapi zimependwa, zimeshewa na kutolewa maoni. Akapata zaidi ya milioni 8.7. Kisha akazipima na habari 20 zilizovuma zaidi kutoka vyombo vikubwa vya habari, nazo zikafikisha zaidi ya milioni 7.3. Kwa hesabu hiyo, uongo ulikuwa umeupiku ukweli katika miezi ya mwisho ya kampeni.

Namba hizo zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kitu tulichofundishwa shule ya msingi kwenye somo la sehemu: juu ya mstari kinakaa kiasi, chini yake inakaa asili. Ukiambiwa "tatu" bado hujaambiwa kitu, mpaka ujue ni tatu ya nne au tatu ya elfu. Milioni 8.7 ni kiasi. Asili yake ni ipi? Facebook wakati huo ilikuwa na watumiaji zaidi ya bilioni 1.7 kwa mwezi. Mtu mmoja aliyeipenda habari ya Papa, akaishea, kisha akaiandikia maoni, alihesabiwa mara tatu. Na aliyeiona akatikisa kichwa na kuipita hakuhesabiwa kabisa, kwa sababu hakuacha alama.

Hapo ndipo data za mitandao ya kijamii zinapokwama, hata ziwe nyingi kama mchanga wa pwani. Zinamrekodi aliyetenda. Aliyenyamaza hayumo. Na hata aliyetenda, humjui ana umri gani, ana elimu gani, anapigia chama gani kura. Unajua jina la akaunti, ambalo pengine si lake.

Basi tuwaulize watu wenyewe? Chukua sampuli nzuri, andaa dodoso, uliza: katika miezi sita iliyopita umewahi kusambaza habari ya uongo? Anayejua kwamba aliisambaza kwa makusudi atakana. Asiyejua kwamba ilikuwa ya uongo atajibu hapana kwa moyo mweupe. Wote wawili wanaingia kwenye safu ileile ya "hapana", pamoja na yule ambaye kweli hajawahi. Dodoso limekupa asili safi na kiasi kibovu.

Kisa ninachotaka kukipitia ni cha watafiti watatu waliojaribu kuviweka viwili hivyo kwenye sehemu moja, kiasi kutoka Facebook na asili kutoka kwenye dodoso: Andrew Guess wa Princeton, pamoja na Jonathan Nagler na Joshua Tucker wa Chuo Kikuu cha New York. Matokeo yao yalitoka Januari 2019 katika jarida la Science Advances. Nakichambua kwa sababu ni kidogo kiasi cha kuonekana chote, na kwa sababu kila mahali kinapopasuka panafundisha kuliko panapong'aa.

Mwaka 2016, wakati kampeni zikiendelea, tayari walikuwa na wahojiwa. Kampuni ya utafiti wa maoni ya YouGov iliwafanyia utafiti wa awamu tatu kwa watu walewale, wakianza na wahojiwa 3,500. Sampuli za YouGov hazichotwi kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejista ya taifa. Kampuni ina kundi kubwa la watu waliojiandikisha kujibu madodoso mtandaoni, nayo huchagua na kupima uzito wa majibu ili sampuli ifanane na nchi kwa umri, jinsia, rangi na elimu. Ni asili ya kutengenezwa, lakini ni asili.

Waliosema wanatumia Facebook wakaombwa jambo la ziada: waingie kwenye programu ndogo ya mtandaoni na kuiruhusu, kwa muda tu, isome walichoposti kwenye kurasa zao wenyewe, kurasa walizozipenda, na taarifa chache za wasifu. Haikusoma ujumbe wa siri, wala haikuona kinachopita mbele ya macho yao wanaposhuka na skrini. Karibu nusu ya walioombwa walikubali, asilimia 49, yaani watu 1,331. Ambao data zao hatimaye ziliunganishwa na majibu yao ya dodoso walikuwa 1,191.

Tusimame kwenye huo mlango, kwa sababu kila kitu kinapita hapo. Nusu walikataa. Je, waliokataa ndio wasambazaji wakubwa, wenye jambo la kuficha? Au ni watu wa tahadhari, ambao wangeongeza tu idadi ya waliosambaza sifuri? Kama ungekuwa na data za Facebook peke yake usingeweza hata kuuliza swali hilo, maana aliyekataa asingekuwepo. Hapa yupo: dodoso lake limejazwa, umri wake, elimu yake na chama chake vinajulikana, kilichokosekana ni ukurasa wake tu. Kwa hiyo watafiti waliweza kuwalinganisha waliokubali na waliokataa kwa majibu yao wenyewe. Ulinganisho huo haumalizi shaka, kwa kuwa watu wawili wa umri mmoja na chama kimoja wanaweza kutofautiana kabisa kwa kile wanachoposti. Lakini unapunguza ukubwa wa giza.

Kisha walihitaji kipimo cha uongo. Hawakusoma kila habari na kuihukumu. Walitumia orodha ya tovuti, iliyojengwa zaidi juu ya kazi ya Silverman huyo huyo: tovuti zilizojulikana kuchapisha habari za kutunga. Tovuti zenye upande mkali wa kisiasa lakini zisizobuni habari kwa makusudi, kama Breitbart, hazikuwekwa. Kila linki iliyoshewa na mmoja wa wale 1,191 ikapimwa: imetoka kwenye tovuti ya orodha, au la? Kipimo hicho ni cha shoka, si cha kisu. Habari ya kweli iliyochapishwa bahati mbaya na tovuti ya uongo inahesabiwa uongo. Picha ya kughushi iliyopostiwa bila linki yoyote inapita bila kuguswa. Nilipolisoma hili mara ya kwanza lilinikera. Sasa naona angalau ni kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia na kupata jibu lilelile, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu hukumu ya mtafiti mwenye hasira zake za uchaguzi.

Matokeo yenyewe: asilimia 8.5 walisambaza angalau linki moja kutoka tovuti hizo. Katika watu 1,191 hao ni kama mia moja hivi. Waliobaki, zaidi ya tisa katika kila kumi, hawakusambaza hata moja katika mwaka ule ambao dunia nzima iliamini Facebook imefurika uongo.

Namba hiyo ndogo ndiyo iliyonivuta kwenye kisa hiki. Haikanushi milioni 8.7, zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Ila ya kwanza ilikuwa inaelea hewani, na hii imekanyaga chini.

Vipi kuhusu nusu iliyokataa? Tufanye hesabu ya mkononi, yangu mwenyewe, si ya watafiti. Tuseme waliokataa walikuwa wasambazaji mara mbili ya waliokubali, asilimia 17. Ukichanganya makundi yote mawili unapata karibu asilimia 13. Bado ni wachache. Ili wasambazaji wawe nusu ya watumiaji wote, ingebidi karibu tisa katika kila kumi ya waliokataa wawe walisambaza uongo. Hilo haliingii akilini. Kwa hiyo dai la kwanza, kwamba wasambazaji walikuwa wachache, linastahimili hata mlango ule uliofunguka nusu. Si kila dai la utafiti huu lina bahati hiyo.

Kwa upande wa vyama, karibu asilimia 18 ya Warepublican walisambaza angalau linki moja, dhidi ya chini ya asilimia 4 ya Wademokrati. Kabla mtu hajashangilia, akumbuke kwamba tovuti za uongo za mwaka 2016 ziliegemea sana upande wa Trump. Duka likiuza vitenge tu, usishangae wanaotoka humo wamebeba vitenge. Data hizi haziwezi kutuambia Wademokrati wangefanyaje kama soko la uongo lingepangwa kwa ajili yao.

Lililowashtua wengi ni umri. Wahojiwa wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza, kwa wastani, karibu mara saba ya idadi ya linki za uongo zilizosambazwa na wale wa miaka 18 hadi 29. Ukizingatia chama, itikadi na elimu, tofauti haikuondoka. Na haikutokana na kwamba wazee wanashea kila kinachowapitia, kwa sababu walioshea linki nyingi kwa jumla ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kushea za uongo.

Tofauti hii isingepatikana kwa njia moja peke yake. Anayevuna data za Facebook kutoka nje haoni umri unaoaminika, wala hana chama na elimu vya kuchuja navyo. Anayetegemea dodoso angepata umri na chama, kisha angebaki na ile safu ya "hapana" iliyojaa watu wa aina tatu. Majibu yenyewe ni rahisi mno. Kazi yote ilikuwa kwenye kuyaweka majina mawili, la dodoso na la ukurasa, yawe la mtu mmoja.

Lakini "mara saba" ilisafiri kuliko ilivyostahili. Vichwa vya habari viliifanya isomeke kana kwamba wazee ni wasambazaji mara saba. Rudi kwenye asili. Waliosambaza angalau linki moja walikuwa asilimia 11 ya wenye zaidi ya miaka 65, na asilimia 3 ya vijana. Hiyo ni chini ya mara nne kwa kuhesabu watu. Mara saba ni ya kuhesabu linki, na wastani wa linki unavutwa juu na wachache wanaoshea nyingi. Na upande wa pili wa 11 ni 89: katika kila wazee 100 wa utafiti ule, 89 hawakusambaza hata linki moja ya uongo.

Kila mwenye kundi la WhatsApp la ukoo anamjua yule mjomba. Saa kumi na moja alfajiri ameshatuma sauti ya dakika nane kuhusu dawa ya kisukari, na chini yake maneno "imetumwa kama ilivyopokelewa", kana kwamba hayo yanamvua dhamana. Tukisoma utafiti kama huu tunamkumbuka yeye, tunacheka, tunasema sayansi imethibitisha. Tumefanya kosa lilelile la milioni 8.7. Tumemhesabu mjomba anayetuma, tukawasahau shangazi wanne, babu na mama mkubwa waliomo humohumo, wanaosoma kila kitu na kunyamaza.

Sasa pale panapovuja zaidi. Nimesema programu ile haikuona kinachopita mbele ya macho ya mhojiwa. Hilo ni pengo kubwa kuliko waliokataa. Fikiria wazee wawili, mmoja amesambaza linki tano za uongo na mwingine sifuri. Ukisikia kwamba wa kwanza aliletewa linki mia tano na wa pili hakuletewa hata moja, hukumu yako inageuka papo hapo: wa kwanza ameziacha 495 bila kuzigusa, wa pili hajawahi kujaribiwa. Sehemu ya kweli ilihitaji asili ya pili, yaani kila mtu aliona ngapi. Watafiti walijua nani yupo. Nani aliona nini, Facebook ilijua, wao hawakujua. Kwa hiyo huwezi kutoka kwenye utafiti huu na kusema wazee hudanganyika kirahisi. Huenda ni hivyo. Huenda pia wenye tovuti, waliokuwa wakitafuta pesa za matangazo, waliwalenga wao. Au marafiki zao walikuwa ndio walewale.

Hata kuamini hakupimwi hapa. Mtu hushea kwa sababu anaamini, au anacheka, au anataka watoto wake wajue bado yupo. Watafiti walitaja maelezo mawili yanayowezekana, uzoefu mdogo wa mambo ya kidijitali na kupungua kwa kumbukumbu kadiri umri unavyosogea, lakini waliyatoa kama dhana za kupimwa. Na dodoso, ambalo ndilo lingeweza kuuliza "kwa nini ulishea hii?", lilikuwa limeandikwa bila kujua "hii" ni ipi. Pande mbili zilikutana kwenye faili la data baada ya kila moja kumaliza kusema. Kwangu hapo ndipo fursa kubwa ilipopotea. Ukishaona ukurasa wa mtu kwa ridhaa yake, awamu inayofuata ya dodoso ingeweza kumrudishia posti yake mwenyewe na kumsikiliza.

Mwezi huohuo wa Januari 2019, kundi jingine likiongozwa na Nir Grinberg lilichapisha katika jarida la Science utafiti uliokaribia asili ya pili kwa njia ya Twitter. Waliunganisha akaunti 16,442 na daftari la wapiga kura wa Marekani, kisha wakakisia kila mmoja angeweza kuona nini kutokana na aliowafuata. Uongo ulikuwa umejaa sehemu chache sana: asilimia 1 ya watu hao walibeba asilimia 80 ya kuonekana kwa habari za uongo, na asilimia 0.1 walibeba karibu asilimia 80 ya kusambazwa kwake. Umri ukajitokeza tena. Ila wale hawakuulizwa chochote. Daftari la wapiga kura lina umri na chama. Halina maoni, wala halina ridhaa.

Neno ridhaa linanirudisha kwenye ndugu pacha wa kisa hiki, maana pacha huyo yupo na sura zao zinafanana vibaya. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu iliyowapa watu dodoso la kupima haiba zao, na kwa ruhusa yao ikasoma wasifu wao wa Facebook. Dodoso pamoja na mitandao ya kijamii, kama hapa. Waliolijaza walikuwa kama 270,000. Lakini sheria za Facebook za wakati ule ziliiruhusu programu kumchukua aliyekubali na kuwafuata marafiki zake wasiojua lolote, mpaka data za watu wanaofikia milioni 87 zikawa zimechotwa na kuishia Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa. Ndiyo ile ambayo mabosi wake walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza, Machi 2018, wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Uhuru Kenyatta nchini Kenya mwaka 2013 na 2017. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza Facebook faini ya pauni 500,000 mwaka huohuo, na mwaka uliofuata Marekani ikaitoza dola bilioni 5.

Kitaalamu, tofauti kati ya pacha hawa ni ndogo ya kushangaza. Mmoja aliuliza mtu akamsoma mtu huyo. Mwingine aliuliza mtu akawasoma marafiki zake wote. Waliolipia kosa la pili ni pamoja na waliofanya la kwanza: kuanzia Aprili 2018 Facebook ilibana mno mlango ambao programu za nje zilipitia, na utafiti kama wa Guess na wenzake haukuweza tena kurudiwa kwa njia ileile. Kampuni ikaahidi kuwapa wasomi data yenyewe, kwa njia ya mpango ulioitwa Social Science One. Mwaka 2021 ikagundulika kwamba data za Marekani zilizotolewa zilikuwa zimekosa karibu nusu ya watumiaji, wale ambao mwelekeo wao wa kisiasa haukuweza kutambulika. Asili ilikuwa imekatwa katikati, na watu walikuwa wameshaandika makala juu yake.

Jibu kubwa zaidi lilikuja Julai 2023: makala nne kwa mpigo, tatu katika Science na moja katika Nature, kutoka ushirikiano wa wasomi na Meta wenyewe, kampuni mama ya Facebook, wakati wa uchaguzi wa 2020. Hapo kilichopita mbele ya macho ya watu kilionekana. Moja ya makala ilitazama watumiaji wa Marekani wapatao milioni 208. Tucker wa kisa chetu alikuwa mmoja wa viongozi wawili wa upande wa wasomi, pamoja na Talia Stroud wa Chuo Kikuu cha Texas. Asili zote mbili zilikuwa mezani. Lakini data ghafi zilishikwa na wafanyakazi wa Meta, na Michael Wagner wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyewekwa kama mtazamaji huru wa mradi mzima, aliandika kwamba uhuru wa watafiti wale ulikuwa ni wa kupewa ruhusa. Sijui kama nichague dirisha dogo ninalolifungua mwenyewe au ukumbi mzima ambao funguo zake anazo mwenye nyumba. Nikilazimishwa, nachukua dirisha.

Kwetu dirisha lingefunguliwaje? Siku hizi wanaofanya kazi hii Ulaya na kwingineko humwomba mhojiwa aichangie data yake mwenyewe: aipakue kutoka kwenye mtandao husika kwa haki aliyopewa na sheria, aondoe asichotaka kionekane, kisha awape watafiti iunganishwe na dodoso lake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zote zikimpa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Kisheria inawezekana.

Kabla ya sheria kuna mlango wa nyumba. Nchini Uingereza, tafiti tatu zilizowaomba watumiaji wa Twitter ridhaa ya kuunganisha akaunti zao na majibu yao zilipata kati ya asilimia 27 na 37. Waliohojiwa uso kwa uso walikubali zaidi kuliko walioombwa kupitia intaneti. Kwa Mwingereza hiyo ni habari njema kwa watafiti. Kwangu inanitia wasiwasi, kwa sababu tafiti zetu nyingi za maoni, za Afrobarometer zikiwemo, hufanywa uso kwa uso. Mhoji amekaribishwa, amepewa kiti cha kivulini, pengine na maji. Ameamkia wazee vizuri. Sasa anamwambia bibi wa nyumba, "Tunaomba pia kuangalia simu yako kidogo." Atakubali. Swali ni kama alikubali utafiti au alishindwa kumnyima mgeni. Kama ingekuwa mimi, ombi hilo lingeachwa kwenye karatasi, mhoji akaondoka, na jibu likaja siku mbili baadaye kwa ujumbe mfupi. Kiwango cha kukubali kingeshuka sana. Acha kishuke.

Halafu simu yenyewe. Kuunganisha dodoso na akaunti kunadai kwamba akaunti moja ni mtu mmoja. Katika nyumba ambayo simu ya mama ndiyo ya watoto kuangalia katuni, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto mkubwa aliyeko mjini, dai hilo linahitaji swali lake kwenye dodoso: nani mwingine hutumia simu hii, na kwa nini?

Na WhatsApp, ambako mazungumzo yetu yamehamia. Mtu anaweza kutoa nakala ya mazungumzo ya kundi na kukupa, ni jambo la kubonyeza mara tatu. Kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Anayekupa ni mmoja. Wengine 1,023 hawakuulizwa, na umeshabeba maneno yao, sauti zao, na namba zao za simu. Ni hesabu ya Kogan, imebadilisha nguo. Ningechukua ujumbe aliotuma mchangiaji tu, pamoja na hesabu tupu ya ulioingia: mara ngapi, siku gani, wangapi wenye alama ya kusambazwa mara nyingi, bila maandishi na bila majina. Hiyo inatosha kwa asili ya pili, ile aliyoikosa Guess. Halafu ningerudi kwa mjomba wa alfajiri na sauti yake ya dakika nane, nimchezee mwanzo wake, nimuulize alikuwa anamtumia nani hasa.